Ukimya wa Chumba

12 Februari

Kaka yangu,

Najua. Usinikumbushe. Barua yako imekaa juu ya kabati la vyombo tangu kabla ya mvua, na kila nikipita inanitazama kama mgeni ambaye hajapewa kiti. Nisamehe. Nikipata kalamu, mpwa wako Bosi ameamka. Bosi akilala, kalamu ameshaificha. Ningepiga simu, lakini nakujua: kwenye simu wewe ni "haya, haya mdogo wangu, nitakupigia," halafu kimya. Barua haiwezi kukatizwa njiani.

Sisi wazima. Baba Bosi yuko safarini na lori, anarudi wiki ijayo lisipoharibika tena. Mama mkwe tuko naye. Mgongo umetulia, mdomo bado. Mimi niko pale pale kwa dobi, napiga pasi zamu ya asubuhi. Bosi mwenyewe sasa anatembea na amejua kusema "sitaki", kwa hiyo nyumba nzima tumeajiriwa upya.

Hongera! Redio ya kazini ndiyo iliyonipa habari. Walikuwa wanasoma walioteuliwa kugombea tuzo za filamu, nami nasikiliza nusu nusu, mara: "Sauti bora, *Funguo za Jirani*," na jina lako likafuata. Nilipiga kigelegele nikasahau pasi juu ya shati la mtu. Kola imekwenda. Mwenye duka alinuna, nikamwambia, huyo ni kaka yangu, tumbo moja.

Na filamu nimeiona! Waliileta kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi. Tulikwenda mimi, mama mkwe na Bosi mapajani. Nakusimulia kana kwamba hukuwepo, maana nataka ujue nilivyoiona mimi. Yule mwanamke anasikia mtoto analia chumba cha pili, mlango umefungwa, mama wa mtoto haonekani. Anajaribu funguo zake zote. Anakwenda kwa fundi kitasa, anarudi na rundo la funguo, anajaribu moja moja, na kilio hakikomi. Ukumbi mzima ulikuwa unasukuma ule mlango pamoja naye. Ulipofunguka na akamwinua Bosi wetu, alivyokuwa bado mdogo, kwenye godoro, mama mkwe alisimama akawaambia watu wa nyuma, "Mjukuu wangu huyo!" Wakamwambia akae.

Maoni yangu ni haya, na sikusoma popote. Yule mwanamke apewe tuzo ya mwigizaji bora, wasibishane. Mikono yake ilitetemeka kweli. Mzee aliyeigiza fundi kitasa kwa nini hawakumteua? Aliongea maneno machache, lakini alipouliza, "Analia tangu saa ngapi?" nilimwamini. Ile filamu ya vita imeteuliwa kila mahali, mama mkwe aliilalia tangu mwanzo hadi mwisho. Na kwa mavazi yenu mmeteuliwa, sawa, ila mimi nisingewapa. Mwanamke mwenye shida kiasi kile hawezi kuwa na mkunjo wa pasi kwenye mkono wa blauzi.

Nilichopenda kuliko vyote ni mwisho. Ukuta, pazia, hakuna anayesema. Lakini ule ukimya hauko mtupu, kuna kitu ndani yake kinapumua. Nilitamani wasiwashe taa.

Kuna jambo dogo. Kile kilio ni cha mtoto gani? Siku uliyokuja kumwazima Bosi uliniambia hakulia, kwamba kilio mtakitoa kwenye ghala lenu la sauti. Nauliza tu.

Mdogo wako,
Mama Bosi


3 Machi

Mama Bosi, mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mbele ya wenzangu, sehemu ya mkunjo wa pasi, na yule wa mavazi amesema hazungumzi nami tena. Nisalimie shemeji, mwambie lori lile alizike. Nisalimie mama mkwe wako, na huo mdomo wake usipone.

Mimi mzima. Tuko machimboni tunarekodi filamu nyingine, vumbi limeingia mpaka kwenye meno. Kikohozi kinanisumbua, na kwa kazi yangu kukohoa ni sawa na mpishi kutemea chungu.

Kuhusu fundi kitasa nakubaliana nawe mia kwa mia. Yule mzee ni fundi kitasa kweli, si mwigizaji, tulimtoa kwenye kibanda chake. Labda ndiyo sababu hawakumteua: hakuonekana kama anaigiza.

Kuhusu kilio, usijisumbue. Ghalani kwetu kuna kila kitu, milango, mvua, ngazi, vilio vya kila namna. Hata mimi huwa nachanganya kipi tulitoa wapi. Yaliyopita si ndwele.

Sasa nina ombi, na si langu peke yangu. Usiku wa tuzo ni mwezi wa tano. Mwongozaji wetu anataka Bosi apandishwe jukwaani, abebwe na yule yule mwigizaji, watu wamwone alivyokua. Nauli yenu, malazi, vyote watashughulikia. Nimetuma viatu vyeupe na kigauni, vimfae siku hiyo. Fikiria, mdogo wangu! Mtoto wetu mbele ya taa zote zile.

Nijibu mapema. Mapema ya watu wengine, si ya kwako.

Kaka yako,
Sikio


29 Machi

Kaka,

Salamu. Bosi alikuwa na homa, imepungua. Baba yake alirudi, ameondoka tena. Mama mkwe anakusalimia. Viatu vimemtosha na kigauni kimembana kifuani, nimekifumua ubavuni.

Nimejibu mapema. Sasa nisikilize, maana ulipewa jina la Sikio na mama mwenyewe.

Bosi nilimwachisha ziwa zamani. Kifua kimekauka, nimesahau hata kama niliwahi kunyonyesha. Lakini pale ukumbini, yule mwanamke aliposhika ufunguo wa kwanza na kilio kikaanza, maziwa yalitoka. Kaka, naandika kwa aibu lakini naandika. Blauzi ililowa mbele, nikajifunika kwa nguo ya mtoto. Bosi alikuwa anakula biskuti, akaacha kutafuna, akatazama ule mlango. Mama mkwe akaninong'oneza, "Mbona huyo analia kama wetu?" Nikacheka. Nikamwambia, mama, watoto wote hulia hivyo.

Si kweli. Wateja wanakuja dukani na watoto wao, wanalia mpaka wanakwama pumzi, na mimi napiga pasi. Halitoki tone. Kifua changu hakijui ghala lenu. Kinajua kilio kimoja, na kile cha njaa hakifanani na cha usingizi wala cha jino.

Wewe ndiye uliyekuwa ndani na mtoto siku ile, uliniambia mwenyewe kwamba kamera na watu wote walikuwa nje ya mlango. Chupa nilikupa mkononi. Nilikwambia, akianza kutafuna ngumi mpe, usingoje alie. Ukasema, "Nenda kalale, wewe mwanamke, macho yako kama ya bundi." Nikaenda. Jioni ukamrudisha ameshiba, amelala fofofo, nami nikakushukuru. Chupa haikurudi. Nilidhani umeisahau.

Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Nyinyi mlikosa jiwe mkaeleka wangu.

Sikutukani. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kwenda shule mvua ikinyesha, siwezi kusahau. Ndiyo maana nakuuliza wewe na si mwongozaji wako: kilio kile ni cha nani, na chupa ilikuwa wapi?

Bosi haendi jukwaani. Hilo usiniulize tena, hata ukinijibu vizuri. Na usiniletee maneno ya ndwele. Kitu kikiwa bado kinauma hakijapita.

Mama Bosi


24 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini homa ya mtoto imekwisha kabisa. Mimi kikohozi kimeniacha. Sina habari nyingine ya kutangulia nayo. Nimejaribu kuanza barua hii kwa kuzunguka, kila nikisoma naichana.

Kilio ni cha Bosi.

Sikupanga. Tulikubaliana kweli kutumia sauti ya ghalani, na mtoto alitakiwa alale tu kwenye godoro mpaka mlango ufunguliwe. Chumba kilikuwa kidogo: godoro, ndoo, pazia. Nilikaa sakafuni na maiki yangu, hedifoni masikioni. Bosi akaanza kutafuna ngumi, kama ulivyoniambia. Nikafungua begi. Chupa nilikuwa nimeizungushia lile shuka lake la njano isigongane na vyuma vyangu, maana kwangu kitu kikigongwa ni dhambi. Mkono wangu ulikuwa ndani ya begi, umeishika chupa, alipolia.

Wewe unajua nilivyo. Tangu utoto natafuta sauti ambayo hakuna mtu anayeiigiza. Ilinijia masikioni, safi, hakuna upepo, hakuna mbwa. Nikasema, acha ajaribu ufunguo mmoja tu kule nje, nitampa. Mkono ukabaki begini. Mwongozaji akasikia, akasema, "Hicho ndicho, endeleeni." Halafu akasema warudie. Yule mwigizaji akasita, nikamsikia mlangoni akiuliza, "Jamani, mtoto yuko sawa?" Wakamjibu, "Yuko na mjomba wake." Akatulia, akashika funguo. Ulisema mikono yake ilitetemeka kweli. Ilitetemeka kweli.

Walirudia. Usiniulize mara ngapi.

Kuna kitu kingine, na bora ukisikie kwangu. Kila tukimaliza sehemu, sisi watu wa sauti huwaomba wote wanyamaze tunase chumba kikiwa kimya. Kila chumba kina ukimya wake, na bila huo filamu inakuwa na mashimo. Siku ile niliomba, nje wakanyamaza, na mashine ikiwa inanasa nikampa chupa. Ule mwisho ulioupenda, ukuta na pazia, ukasema kuna kitu kinapumua ndani yake: ni Bosi anakunywa. Tulitumia kipande tu. Kilichobaki hakikufaa kwa sababu sauti yangu imo. Kuna neno nilimwambia. Hilo ni langu na yeye.

Chupa ninayo. Imo kwenye begi lile lile, nazunguka nayo machimboni kama hirizi. Ningewezaje kuirudisha? Ungeishika, ungeniuliza alikunywa saa ngapi, na mimi kukutazama usoni nikudanganye mara ya pili nisingeweza. Kwa barua niliweza, umeona mwenyewe.

Nimeandika kwa wenye tuzo kwamba najitoa. Bado sijatuma. Ukiniambia tuma, natuma siku hiyo hiyo. Mwongozaji nimemwambia habari ya jukwaani isahauliwe. Amenuna, atazoea.

Sijui kuomba radhi kwa maandishi. Niambie nifanye nini.

Sikio


8 Mei

Kaka,

Hujambo? Naanza na salamu kwa sababu mama alitufundisha kwamba hata mkigombana, salimianeni kwanza, ugomvi hautakimbia. Bosi mzima. Ameota magego, anauma kila mtu, na mama mkwe anasema ni malipizi ya ukoo.

Barua ya kujitoa usitume. Ichane, umeshazoea. Ukijitoa watakuuliza sababu, na sababu hiyo ina sura ya mwanangu ndani yake. Kesho nitakuwa dukani napiga pasi, redio inasimulia njaa ya mtoto wangu kama habari ya michezo. Sitaki. Na usidhani ukijitoa utakuwa umelipa. Hapo utakuwa umejipunguzia uzito wewe, na mimi nimebaki na wangu.

Maana nami ninao. Barua yako ilipokaa muda wote ule bila jibu, nilikuandikia habari ya kalamu. Haikuwa kalamu.

Nyumba mliyorekodia si mbali na kwetu, na kuta zetu unazijua, hazizuii hata chafya. Siku ile nililala kama jiwe. Wiki nzima jino lilikuwa linamsumbua Bosi, nilikuwa nasinzia mpaka kwenye pasi. Katikati ya usingizi nilisikia mtoto analia. Sikuota, nilisikia. Nikajiambia, yuko na mjomba wake. Nikageukia upande wa pili, nikavuta shuka, na usingizi ule, kaka, ulikuwa mtamu. Nilipoamka blauzi ilikuwa imelowa kifuani. Nikasema ni jasho. Nikaifua upesi, kabla hujaja, na mimi nguo huwa sizifui upesi nyumbani, nazichoka kazini.

Kwa hiyo ulipokuja jioni ukasema "hakulia hata kidogo", nilikuwa najua. Nilikushukuru hivyo hivyo, kwa sababu uongo wako ulinifaa.

Usije ukasema sasa tuko sawa. Hatuko sawa. Mimi nilikuwa usingizini na wewe ulikuwa macho, chupa mkononi. Lakini tulisema maneno yale yale mawili siku ile, mimi kitandani, wao mlangoni, na wote tukastarehe nayo. Mjomba wake. Basi kuwa mjomba wake. Siku ya tuzo nenda, vaa shati safi, kaa kwenye kiti chako. Wakikupa, pokea, sema asante, shuka. Usimtaje. Usilie mbele za watu, utamfanya tena awatoe watu machozi bila yeye kuulizwa. Ukirudi kutoka machimboni, usipitilize kama kawaida yako. Njoo ulale kwetu, na asubuhi mimi nikienda kazini wewe ndiye utakayebaki naye. Mama mkwe atakuwepo, sikufichi. Akitafuna ngumi, unajua la kufanya.

Filamu waliirudisha ukumbini wiki iliyopita, siku moja tu. Nilikwenda peke yangu. Kwenye kilio nilitoka nje nikasimama penye dirisha la tiketi, nikamsikia kupitia mlango, mimi sasa ndiye niliye upande wa nje. Nikarudi kwa ajili ya mwisho. Ukuta, pazia. Nilimsikia anameza. Mtu wa kiti cha mbele akamwambia mwenzake, "Hapa hakuna kitu, twende zetu." Nilitaka kumpiga kofi.

Bado ndiyo filamu ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuona. Hilo ndilo linaloniuma, nalo sijui nikwambie wewe au nani. Na mwigizaji yule bado nasema apewe. Aliuliza. Katika nyinyi wote, na mimi nikiwemo, ni yeye peke yake aliyeuliza.

Viatu anavivaa sasa hivi, amevichafua, ndivyo inavyotakiwa. Nguo nyingine usitume, zitakuwa ndogo kabla hazijafika. Ninachohitaji bado ni hivi:

Chupa, pamoja na kifuniko chake. Kama kifuniko kimepotea niambie ukweli, usininunulie kingine.

Shuka la njano. Usilifue. Mimi ndiye dobi.

Dawa yako ya kikohozi ilikuwa ipi, niandikie jina, Baba Bosi naye anakohoa.

Na sauti ya siku ile, kile kipande kizima ambacho hamkutumia chote, kuanzia pale ulipotoa chupa begini mpaka alipomaliza. Kiweke mahali ambapo naweza kukisikiliza kwa simu yangu hii ndogo. Usikisafishe. Kama mbwa yumo, mwache. Kama kuna vyuma vinagongana, viache.

Na ulichomwambia, usikikate.

Mdogo wako,
Mama Bosi